Mwenye Samaki

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, Tusekile alisimama nyuma ya pazia la sebule yake mwenyewe akamwona baba mkwe wake anakunja mkono wa koti, kichujio cha chai kimo mkononi, tayari kumtoa samaki majini. Hakutaka kumla. Alitaka kumtibu. Neno moja tu lingetosha kumzuia, "Acha", na neno hilo Tusekile hakuruhusiwa kulisema. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumwambia mzee yule neno hata moja, la heri wala la shari.

Nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu nikianzia hapo nitamtukana mtu.

Tusekile na mumewe Lutengano walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha chai, yeye mpiga chapa ofisini, mumewe kwenye mashine za kukaushia majani. Kiwanda kikauzwa. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa, na wakuu walikuwa wanaambiana redioni kwamba ndiyo maendeleo. Wenye kiwanda wapya wakaja na orodha ya watu wa kupunguzwa, na orodha ikaletwa mezani kwa Tusekile aichapie barua. Akachapa "Tunasikitika kukufahamisha", akachapa tena "Tunasikitika kukufahamisha", siku mbili nzima, mpaka akafika kwenye jina la mumewe. Akalichapa. Majina manne mbele akakuta la kwake. Nalo akalichapa bila kosa hata moja, akaichomoa karatasi kwenye mashine, akampelekea meneja atie sahihi. Meneja akamshukuru kwa kazi safi. Hasira ya Tusekile ilizaliwa siku ile, na mpaka leo haijaachishwa ziwa.

Wakahamia Tukuyu mjini, nyumba ya kupanga, sebule moja na vyumba viwili, jiko uani. Mtoto wao Lwitiko alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo walibaki wawili kutazamana. Lutengano akajifunza kukaa. Asubuhi alikunywa chai, akaenda kwenye kibaraza cha kinyozi kucheza drafti na wenzake waliopunguzwa, akarudi kula, akarudi tena kibarazani. Ukimwuliza, anasubiri. Anasubiri nini? Hali itulie. Haya.

Tusekile hakuweza kukaa; alianza kushona vitambaa vya kuuza, kodi ikapatikana. Alikuwa na binamu yake, Amoni, aliyekuwa Matema kule Ziwa Nyasa, akizamia samaki wa mapambo kwa ajili ya watu waliokuwa wakiwasafirisha ng'ambo kwa ndege. Mbuna, samaki wa miambani, wadogo kama kidole, wa buluu na wa manjano na wenye mistari, wazuri mpaka unajiuliza Mungu aliwaficha chini ya maji kwa sababu gani. Amoni alipopita Tukuyu alimwambia kwamba sasa hata huku kuna wanaowataka. Mwenye hoteli mmoja wa Mbeya, Bwana Lukasi, alikuwa ameweka tangi la kioo mapokezi, lakini kila akiletewa samaki kutoka ziwani nusu wanamfia. Angepatikana mtu wa kuwazalisha huku huku juu, waliozoea maji ya huku, angechukua kwake siku zote.

"Ila Tukuyu hawazai, dada," Amoni alisema. "Baridi hii? Halafu maji yenu ni ya mvua tupu, hayana chochote ndani."

"Nani kasema hawazai?"

"Kila mtu anasema."

"Hao kila mtu wamejaribu?"

Amoni akacheka. Tusekile hakucheka. Wiki ile ile aliteremka Matema kwenda kuchagua mwenyewe.

Kuchagua alifundishwa akiwa amesimama majini mpaka magotini, mbele ya mabeseni ya Amoni. Usishike anayekuvutia kwa rangi, Amoni alimwambia, rangi itakuja. Tazama mapezi, yakiwa yamesimama, samaki ana afya, yakiwa yamebana ubavuni, mwache. Tazama jicho, lisiwe na ukungu. Tazama tumbo, lisiwe limeingia ndani. Halafu tupia chakula, na yule anayekuja mbio ndiye wa kuchukua, yule anayejificha pembeni usimwonee huruma. Dume awe mmoja tu, majike wanne au watano, maana madume wawili watauana. Safari yake ya tatu, baada ya hasara nitakazosimulia, Tusekile akachagua dume wa buluu mwenye ubabe usoni na majike watano, mmoja wao wa manjano, mwenye pezi la mgongo lililochanika kidogo. Amoni akasema huyo wa pezi bovu mwache. Tusekile akasema mbona amefika kwenye chakula kabla ya wenzake wote, na akamchukua.

Alipata hasara mara mbili kabla ya kujua. Kundi la kwanza lilikufa kwa maji ya bomba. Aliyamimina moja kwa moja kutoka kwenye ndoo hadi kwenye tangi la kioo aliloweka sebuleni, kumbe yana dawa, na yana baridi ya kukata vidole. Kundi la pili liliuawa na wageni. Nasema liliuawa, na sitaki kubadilisha. Nyumba ya Mnyakyusa haina mgeni anayeondoka na tumbo tupu, na wageni wale wakaona si vizuri wao wale na viumbe vya watu vikae vinatazama. Kila aliyekuja akatupia kitu. Huyu kipande cha ndizi, huyu ukoko wa ugali, huyu andazi. "Na nyie karibuni," wanawaambia, wanacheka, wanajiona watu wa maana. Maji yakachacha, yakawa kama maziwa, na siku ya tatu samaki wote walielea matumbo juu. Waliotupia ndizi wakaja kutoa pole.

"Wangekuwa wameshaliwa, wasingekufa bure," Lutengano alisema. Ndio ulikuwa utani wake mkubwa. Kila akipita karibu na tangi alikuwa na swali moja: "Hivi hawa wataliwa lini?"

Tusekile akateremka Matema mara ya tatu. Safari hii, pamoja na dume yule na majike wake watano, alirudi na mchanga wa ufukweni, mawe ya ziwani na mfuko wa magamba ya konokono wa kule, akayaponda akayatandaza ndani ya tangi, ili maji yapate kile yanachokosa. Mawe akayapanga yawe na mapango ya kujificha. Maji ya bomba aliyalaza kwenye ndoo usiku kucha, akayapasha kidogo, na kila wiki akabadilisha theluthi tu, si zaidi. Kipande cha godoro la sponji alikifunga kwenye mpira wa pampu kiwe chujio. Umeme ukikatika na balbu ya kupasha tangi ikazima, na mwaka ule wa mgao ulikatika kama mtu anakuchokoza, alijaza chupa maji ya moto, akazifunga vizuri, akaziacha zielee tangini moja baada ya nyingine mpaka umeme urudi. Chakula kilikuwa dagaa waliosagwa na mchicha uliochemshwa, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Akaandika karatasi kwa mkono wake wa ofisini, akaibandika kwenye kioo: USILISHE SAMAKI. Wageni wakasoma, wakanuna, wakazoea.

Halafu jike yule wa manjano akaacha kula.

Tusekile alijua kabla hajaambiwa, akamtumia Amoni ujumbe kwa dereva wa lori la mpunga, na jibu likarudi: ndivyo ilivyo, dada, anatamia. Kwa samaki hawa, jike huokota mayai yake akayaweka mdomoni. Humo yanaanguliwa, humo vifaranga wanakua, na mama hali kitu kwa wiki tatu, taya limemvimba, macho yamemtoka, anakonda mpaka mgongo unachongoka, ili tu asiwameze wanawe. Usimguse, Amoni alisema. Ukimshtua atawatema au atawameza. Siku ya ishirini na moja atawaachia mwenyewe.

Tusekile akazichora siku kwenye kalenda ya kanisa. Bwana Lukasi wa hoteli aliahidi kuja Jumamosi ya wiki ya tatu, aone kwa macho yake, kwa sababu hakuamini. Hakuna aliyeamini. Tusekile alikuwa anapita mbele ya tangi, anainama, anamwambia jike yule kimya kimya: "Vumilia, mama. Mimi na wewe." Toka siku ya barua zile hakuwahi kuwa na kitu ambacho hakuna meneja wa kukifuta kwa karatasi, na sasa alikuwa nacho, kimo mdomoni mwa samaki.

Siku ya nane, Mzee Anyosisye akashuka kutoka kijijini kwake, Masukulu, na goti lake.

Baba yake Lutengano alikuwa mfugaji wa zamani, mrefu, mtu wa koti zito la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Goti lilikuwa limevimba na hospitali ilimtaka aje mara mbili kwa wiki. Atakaa wapi? Kwa mwanawe. Atakaa wapi mchana kutwa? Sebuleni, kwenye kiti chenye mto, mbele ya tangi la samaki. Na mzee akiwa sebuleni, mke wa mwanawe haingii sebuleni.

Mila hiyo wanaijua wenyewe. Mke wa mtu na baba wa mumewe hawatazamani, hawazungumzi, hawakutani uso kwa uso, na jina la mzee halitoki kinywani mwa mkwe. Siku hizi mjini familia nyingi zimelegeza, utawaona wanapeana mikono mlangoni mwa kanisa. Ukoo wa Anyosisye haukulegeza chochote. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, kule Masukulu, Tusekile alimwona mzee anakuja njiani akarukia kwenye mfereji, akajifunika kitenge kichwani, akachuchumaa kwenye maji huku mvua inampiga. Na mzee, kwa adabu, alipita polepole. Khaa! Angeharakisha basi!

Sasa alikuwa anazunguka nje ya nyumba yake mwenyewe kwenda jikoni, anabeba sinia la chakula hadi mlango wa ndani, analiweka kwenye kigoda, anagonga mara mbili, anaondoka. Mzee anasema "Ndaga, mama," yaani asante, kwa hewa, kisha anakuja kulichukua. Tangi alilifikia mzee akienda hospitali, au akitoka kuota jua. Na kila alipolifikia alikuta mabaki ya ndizi kwenye mchanga. Akayanyonya kwa mpira, moja moja, huku meno ameyauma. Karatasi ya USILISHE SAMAKI ilikuwa palepale. Mzee hakujua kusoma.

Jioni ya kwanza alimshika Lutengano uani. "Mwambie baba asiwalishe. Mwambie yule wa manjano si mgonjwa, ana watoto mdomoni, asiguswe. Unanisikia? Mambo mawili tu."

"Nitamwambia."

Kesho yake: "Umemwambia?"

"Nimemwambia, bwana, mbona unanishikia fimbo?"

"Mbona nimekuta ndizi?"

"Mzee yule, Tuse. Anasahau. Vumilia."

Vumilia! Mtu anayekuambia uvumilie mara nyingi yeye mwenyewe ameketi. Tusekile aliuliza siku ya kumi, siku ya kumi na tatu, siku ya kumi na sita, na kila mara akapewa jibu lilelile, nimemwambia. Na kweli alimsikia mumewe sebuleni jioni, akiongea na baba yake Kinyakyusa, sauti imejaa, sauti ambayo hakuwa nayo tangu kiwanda kiuzwe. Kutoka uani alilidaka neno moja tu, samaki, samaki, samaki. Akajiambia, basi, anamweleza. Akaenda kuosha vyombo.

Ndivyo tulivyofika siku ya kumi na tisa.

Lutengano yuko kibarazani kwa kinyozi. Tusekile kaleta chai, kaweka sinia, kagonga mara mbili. Badala ya "Ndaga, mama" akasikia maji yanakorogwa. Akachungulia pembeni mwa pazia. Mzee alikuwa amesimama na goti lake bovu mbele ya tangi, mfuniko ameuweka sakafuni, kichujio cha chai kinazunguka majini kikimfuata jike wa manjano. Mezani kulikuwa na kisosi cha chumvi iliyochanganywa na majivu. Tusekile alikijua kisosi kile. Kwao pia ng'ombe akivimba taya akasusa kula, mzee wa boma humkamata, humfungua mdomo kwa nguvu, humsugua ndani kwa chumvi na majivu kwa kidole gumba.

Akakohoa. Mzee hakugeuka. Akagonga kwenye fremu ya mlango.

"Weka hapo, mama, nakuja," mzee akasema, mkono majini.

Tusekile akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni, ukalia nyumba nzima. Mzee akatikisa kichwa tu kama mtu anayemsamehe mwingine uzembe.

Wakwe wa kike wana njia yao ya kusema na baba mkwe bila kusema naye: wanasema na kitu kingine. Tusekile akageukia ua, ambako kulikuwa na kuku mmoja anaparura, akapaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. "Wewe kuku! Usimguse huyo! Huyo wa manjano si mgonjwa! Ana watoto mdomoni! Ukimgusa unamuua!"

Kuku akakimbia. Mzee alisikia vizuri sana, alikuja kukiri baadaye, lakini sauti ya mkwe ni kitu ambacho mzee mwenye adabu hukipitisha masikioni bila kukishika. Akawa hasikii kwa heshima. Kichujio kikambana jike kwenye pembe ya kioo, kikainuka, na yule samaki mdogo akawa anarukaruka hewani kwenye waya, mdomo umebana, hautemi, haumezi.

Mzee akamchukua kwenye kiganja. Akachovya gumba kwenye kisosi.

Wakati huo Tusekile aliwaza mambo mengi kwa mara moja, na yote yalikuwa ya hasira. Aliwaza mfereji wa Masukulu. Aliwaza meneja akimshukuru kwa kazi safi. Aliwaza kwamba sebule ile hulipiwa kodi kwa vitambaa anavyoshona yeye, na kwamba yeye ndiye pekee katika mji mzima wa Tukuyu asiyeruhusiwa kuingia humo.

Akalivuta pazia, likang'oka na waya wake.

"Acha!"

Mzee Anyosisye alitazama juu, akamwona mke wa mwanawe uso kwa uso, kichwa wazi, kitenge kimebaki mlangoni. Gumba lilikuwa tayari limefungua mdomo wa samaki. Vifaranga vikamwagika. Vilimwagika kwenye kiganja cha mzee, kwenye mkono wa koti, kwenye sakafu ya saruji, vidogo kama mbegu za nyanya, kila kimoja na macho yake mawili meusi, vikipapatika.

"Acha, baba! Usitembee! Usikanyage! Shusha mkono majini, polepole, hivyo hivyo, uzamishe wote!"

Mzee akauzamisha mkono na koti lake mpaka kwenye kiwiko. Tusekile alikuwa tayari amepiga magoti, anaokota kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kifaranga kimoja, anatia kwenye chupa ya maji ya tangi. Hakuzungumza tena mpaka sakafu ikawa haina kitu kinachotikisika. Alipoinua uso aliona jambo ambalo hakulitarajia kuliona maishani. Mzee alikuwa amekaa kitini, na kwa ule mkono mkavu alikuwa amevuta kola ya koti lake, akajifunika kichwa na uso, kama wafanyavyo wakwe wa kike njiani.

"Mwe," sauti ilitoka ndani ya koti. "Mwe, mwe. Kumbe ana watoto."

"Ana watoto."

"Mdomoni?"

"Ndipo anapowalea. Wiki tatu hali. Si ugonjwa, baba. Ni ulezi."

Koti likauliza: "Samaki hawa ni wa nani?"

Tusekile akasimama, kijiko mkononi. "Wa kwangu. Nimewafuata Matema mwenyewe mara tatu."

"Lutengano kaniambia ni wake. Kaniambia kazi ya kiwanda kaiacha kwa hiari, ana mradi wa samaki. Kila jioni ananieleza. Kaniambia baba, wewe ni mfugaji, ukiona kuna anayeugua mtibu, usinisubiri." Koti likapanda na kushuka. "Na wale wengine, kaniambia wapewe ndizi. Eti ndizi ni nzuri kwao."

Tusekile akakiweka kijiko mezani. Kama angejibu wakati ule angesema kitu ambacho hakirudishwi, na aliyestahili kuambiwa hakuwepo. Aliyahesabu masikitiko yake yote dhidi ya yule mzee aliyejifunika, akakuta yanahama, moja moja, yanamfuata yule aliyeketi kwenye kibaraza cha kinyozi. Jioni zote zile. Samaki, samaki, samaki. Hakuwa anamweleza baba yake asiwaguse. Alikuwa anajivuna nao. Akautoa mdomoni mwa mkewe uzazi ule, akamlisha baba yake kama wa kwake.

Jike wa manjano alirudishwa majini. Akazama hadi kwenye mchanga, akalala ubavu, mashavu yake yakifunguka haraka haraka, yenye majivu. Dume akaja akamnusa akaondoka. Kufika saa tisa alikuwa amekufa. Tusekile akamtoa kwa mkono, akamlaza kwenye kisahani, akamtazama pezi lake lililochanika, na hapo tu ndipo alipolia, kilio kifupi, cha ghadhabu, akijifuta kwa kiwiko. Vifaranga kumi na vinne vilikuwa hai kwenye chupa kubwa aliyoisimamisha tangini, vimejibana chini ya jiwe alilovitilia ndani. Mama yao alikuwa amewafikisha karibu kabisa na siku yao.

Lutengano alirudi saa kumi na mbili, jua halijazama, habari imeshamfikia kwa kinyozi. Jirani wa dirishani hakuwa amelala. Aliingilia uani, macho yamemwiva.

"Umemfokea baba yangu? Umeingia sebuleni kichwa wazi ukamfokea baba yangu? Unajua Masukulu watasema nini? Watataka uitwe, uombe radhi mbele ya ukoo mzima. Kwa ajili ya visamaki!"

"Chakula kiko tayari," Tusekile alisema. "Nenda kanawe."

"Nazungumza na wewe!"

"Na mimi nakuambia kanawe."

"Lutengano!" Mzee aliita kutoka sebuleni. "Njoo hapa."

Akaenda. Mlango wa ndani haukuwa na pazia tena. Mzee alikuwa kitini, koti kichwani, ameuelekezea ukuta uso wake, na akaanza kuuliza kwa upole kabisa, lakini kwa sauti ya kusikika hadi uani.

"Mwanangu. Hawa samaki wako huzaaje?"

Lutengano akamtazama baba yake, akalitazama tangi. "Wanataga, baba. Wanataga mayai pale kwenye mawe. Halafu… jua linayaangua."

"Jua. La Tukuyu."

"Ndiyo, baba."

"Na yule wa njano, aliyekuwa hali. Alikuwa na nini?"

"Minyoo, nadhani. Nilikuwa nataka kumtafutia dawa."

Mzee akacheka, lakini hakikuwa kicheko. "Mkeo ameniambia kwa mdomo wake. Mimi, niliyemnyamazisha miaka kumi na miwili, kaniambia kwa mdomo wake, na wewe uliyelala naye kitanda kimoja hukumsikia. Umenifanya mimi nimuue samaki wa mtoto wa watu kwa kidole changu hiki. Watakaotaka kumwita mkwe wangu kwa radhi, waambie waniite mimi kwanza."

Lutengano akafungua kinywa. Mzee akainua mkono.

"Mama Lwitiko," akaita, akiwa bado amejifunika. "Lete chakula. Usizunguke nje. Pita humu humu."

Tusekile alipita mlangoni akiwa na sinia, kichwa wazi, kwa mara ya kwanza tangu mzee afike. Akaweka ndizi za kupika na maharage mbele ya baba mkwe wake. Mbele ya mumewe akaweka bakuli la ndizi kama hizo, na pembeni yake kisahani. Kwenye kisahani kulikuwa na samaki mmoja, mdogo kama kidole, aliyekaangwa kwa mafuta hadi mapezi yakakakamaa. Pezi la mgongo lilikuwa limechanika.

Lutengano akakitazama. Akaangalia upande wa tangi, akahesabu kwa macho, akajua.

"Tuse," akasema.

"Si wako?" Tusekile alisema. "Umeuliza siku zote wataliwa lini. Leo."

"Baba…"

"Kula, mwenye samaki," koti likasema.

Pampu ilikuwa inaguruma taratibu, na ndani ya chupa vifaranga kumi na vinne vilikuwa vimeanza kutoka chini ya jiwe kutafuta chakula. Lutengano akanawa mikono. Akamshika samaki kwa vidole viwili, akampeleka mdomoni, na mkono ukasita njiani, kisha ukafika. Tusekile hakuondoka mlangoni. Alisimama palepale pazia lilipokuwa, akamtazama mpaka akameza.